Mazungumzo ya mwalimu: Nyumba ya magurudumu katika njia ya milimani



Mdogo wangu anakaa Aurora, karibu na mji wa Denver, katika jimbo la Colorado huko Marekani. Mwezi wa Januari mwaka 2024 aliniletea barua yenye furaha nyingi na hesabu chache. «Yaya,» aliandika, «nimenunua nyumba ya magurudumu. Kiangazi tutakwea milima. Mama mkwe amefika kutoka Bukavu, naye ataka kuishika theluji kwa mkono wake mwenyewe kabla hajarudi. Wewe ndiwe mwalimu wa hesabu, unipangie safari.»

Yafaa kwanza nieleze kitu chenyewe. Nyumba ya magurudumu ni trela yenye kuta, madirisha, vitanda, jiko la gesi na pipa la maji, nayo hukokotwa nyuma ya motokari. Mwenye nayo hulala humo popote ajapo, bila kulipa chumba. Huko Marekani jamaa nyingi husafiri hivi wakati shule zimefungwa. Ya mdogo wangu ilikuwa na urefu wa mita 6 hivi. Ilikuwa imekwisha kutumiwa na watu wengine, tena rangi yake ilikuwa nzuri. Naona rangi ndiyo aliyoinunua.

Njia aliyoitamani yaitwa Trail Ridge Road. Yapita ndani ya bustani ya taifa ya Rocky Mountain, iliyotengwa na serikali mwaka 1915, ikitoka Estes Park upande wa mashariki hata Grand Lake upande wa magharibi: kilomita 77. Ilifunguliwa mwaka 1932. Mahali pake pa juu kabisa pana mita 3,713 juu ya bahari, na kwa muda wa kilomita 18 hivi yapita mahali pasipo mti hata mmoja, kwa kuwa miti haiwezi kuishi katika baridi ile. Kwa kawaida hufunguliwa mwisho wa Mei na kufungwa katikati ya Oktoba. Miezi mingine theluji ndiyo mwenye njia. Mwinuko wake si mkali mno, hauzidi mita 7 kwa kila mita 100. Lakini mahali pengi kando yake hapana ukingo wa chuma: pana majani mafupi, kisha hewa.

Iko njia nyingine ya zamani karibu nayo, ya changarawe, iitwayo Old Fall River Road, iliyofunguliwa mwaka 1920. Hiyo trela imekatazwa kabisa. Trail Ridge Road yenyewe yaruhusu trela, na hapo ndipo mdogo wangu alipojikwaa. Alidhani kuruhusiwa ni sawa na kufaa.

Basi nikamwandikia: «Kabla ya kunionyesha milima, nionyeshe mizani.»

Hili ndilo jambo ambalo wasafiri wengi hulipuuza. Wauzaji humwambia mtu, «Motokari yako yaweza kukokota kilo 3,000,» naye huridhika. Lakini mizigo iko miwili. Wa kwanza ni ule unaokokotwa. Wa pili ni ule unaobebwa na motokari yenyewe mgongoni: watu, masanduku, na pia uzito wa shingo ya trela unaolalia kiungo cha nyuma. Uzito huo wa shingo wapaswa kuwa kati ya sehemu 10 na 15 za kila sehemu 100 za uzito wa trela. Kibandiko kilichopo mlangoni mwa dereva husema mgongo huo wavumilia kiasi gani. Cha mdogo wangu kilisema kilo 650.

Mwezi wa Mei alijaza trela kila kitu kama vile wangeondoka kesho, akaipeleka penye mizani ya malori. Trela: kilo 2,640. Bamba lake la chuma lilisema isizidi kilo 2,500. Tukafanya hesabu ya mgongo. Shingo, kwa sehemu 12 za mia, kilo 317. Yeye mwenyewe, mkewe, mama mkwe na watoto 3, jumla kilo 328. Sanduku la vyombo vya kutengenezea na sanduku la barafu, kilo 90. Jumla kilo 735. Imezidi kwa kilo 85, na bado hawajakwea hatua moja.

Jioni ile aliniandikia maneno ambayo sikuyapenda. Alisema yako mawazo mawili: ama mama mkwe abaki nyumbani, ama vitu vizito vihamishwe nyuma kabisa ya trela, ili shingo ipungue uzito.

Juu ya wazo la pili nilimjibu upesi, maana laweza kuua. Trela yenye uzito mwingi mkiani na shingo nyepesi huanza kuyumba huku na huku mara upepo au lori kubwa lipitapo. Kuyumba huzaa kuyumba. Baada ya muda mfupi mkia ndio unaoendesha motokari, wala dereva hana tena la kufanya. Vitu vizito huwekwa chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo, vikafungwa visihame.

Wazo la kwanza lilijibiwa na mke wake. Shemeji yangu si mtu wa maneno mengi. Alichukua karatasi ile ya mizani, akaingia ndani ya trela, akaanza kutoa vitu. Alikuta pipa la maji limejazwa lita 150. Lita moja ya maji ni kilo moja: ndizo kilo 150 za kitu ambacho kambini chapatikana kwenye bomba! Akafungulia maji yote. Akatoa mashine ya umeme, gunia la unga wa mahindi la kilo 25, katoni za soda, viti vya chuma. Akapunguza vyombo vya mumewe hata vikabaki vile vya lazima. Siku ya pili mizani ilisema kilo 2,400. Shingo ikawa kilo 288. Pamoja na watu, kilo 616. Vikabaki vyombo na barafu kilo 34. Jumla kilo 650 kamili. Mama mkwe hakuambiwa kamwe kwamba alikuwa amepimwa pamoja na soda.

Mimi ningalipenda nafasi iliyo pana zaidi kuliko hiyo. Lakini watu wazima wana haki ya kuchagua, na hesabu ilikuwa halali.

Kisha matairi. Alinitumia picha, akajisifu kwamba meno yake yangali marefu. Nikamwambia asitazame meno, bali atafute tarakimu 4 za mwisho zilizochapwa ubavuni baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni juma, mbili za pili ni mwaka. Yake yalisema 2614. Ndiyo kusema juma la 26 la mwaka 2014. Miaka 10! Trela husimama uani miezi mingi, jua likikausha mpira, wala meno hayaliki. Tairi la namna hiyo laonekana jipya mpaka siku lipasukapo. Alinunua manne mapya, akanung'unika juu ya bei. Nilimwacha anung'unike.

Sasa nije kwenye ubishi mkubwa. Mdogo wangu alitaka kuzunguka: kukwea kwa Estes Park akiikokota trela, kupita kileleni, kuteremkia Grand Lake, kisha kurudi Denver kwa njia ya Berthoud Pass, yenye kona za kukunjana na mita 3,446 za kimo. Katika ramani duara hilo lapendeza mno. Mimi nilimsihi apige kambi upande wa mashariki, aiache trela huko, na kukwea kwa motokari tupu.

Sababu zangu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni pumzi ya injini. Kadiri tunavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyembamba, na injini isiyo na turbo hupoteza kama sehemu 3 za mia za nguvu zake kwa kila mita 300. Kule kileleni hupungukiwa zaidi ya theluthi moja ya nguvu iliyoandikwa kitabuni. Ile motokari iwezayo kukokota vizuri pwani, hapo yawa mzee mwenye kikohozi.

Ya pili ndiyo nzito zaidi: kuteremka. Wanafunzi wangu wa mwaka wa nne waweza kuihesabu. Motokari na trela pamoja ni kilo 5,000 hivi. Zikiteremka mita 1,000 za kimo, nguvu iachiliwayo yatosha kuchemsha zaidi ya lita 140 za maji baridi. Nguvu hiyo haipotei. Lazima iende mahali. Sehemu huchukuliwa na upepo na matairi. Iliyobaki huenda ama katika injini ama katika breki. Dereva akanyagaye breki mfululizo aipeleka yote katika vyuma vile vichache, navyo huwaka, vikatoa harufu, na mwishoni mguu wagusa sakafu bila gari kupungua mwendo. Kwa hiyo hutiwa gia ya chini kabla ya mteremko kuanza, injini izuie, na breki hukanyagwa kwa nguvu kidogo kisha kuachiliwa, zipate kupoa. Trela nayo huwa na breki zake za umeme, na chombo kidogo karibu na usukani cha kuzitawala. Tena minyororo miwili iliyopishana chini ya kiungo, na waya mwembamba ambao, kiungo kikikatika, huvutwa na kuzifunga breki za trela peke yake. Mdogo wangu alikuwa ameufunga waya huo katika mnyororo wenyewe. Vikikatika vyote pamoja, wafaa nini? Ulipaswa kufungwa katika motokari.

Hata hivyo hakukubali. «Yaya, wewe waogopa kwa sababu hujaiona barabara,» aliandika. Ni kweli, sijaiona. Nimeona hata hivyo malori yaliyolala chini ya escarpment ya Kamanyola, nayo hayakuhitaji theluji.

Aliyekata shauri alikuwa shemeji, naye alifanya hivyo kwa kitu ambacho sisi wawili hatukukifikiri. Aliuliza: «Tukiwa na trela, mama akitaka kushuka aguse theluji, tutasimama wapi?» Mahali pa kuegesha kule juu ni padogo, na ifikapo saa nne ya asubuhi pamejaa. Mtu mwenye trela hupita tu, akiwaonyesha watoto kwa kidole vile ambavyo hawatavikaribia. Ubishi ukaisha.

Basi waliweka nafasi katika kambi ya Glacier Basin. Nafasi huchukuliwa miezi 6 mbele, na kwa bahati shemeji alikuwa ameiandikisha tangu Januari, wakati sisi tungali tunabishana juu ya jina la kilele. Kambi ile ina maji safi, lakini haina umeme wa kuunganisha. Nayo iko kwenye mita 2,600 hivi, mahali ambapo maji huchemka kwenye digrii 91. Mama mkwe aliweka maharagwe jikoni saa sita mchana, na saa mbili usiku yalikuwa bado mawe. Alidhani gesi ya Marekani haina moto. Siku ya pili walinunua sufuria ya mvuke yenye kifuniko cha kufunga. Chakula chote hurudishwa ndani na kufungiwa, kwa ajili ya dubu.

Siku ya kukwea waliamka saa kumi na moja. Nilikuwa nimewasisitizia jambo hili kuliko mengine: Julai mawingu hukusanyika milimani mchana, na penye nchi isiyo na miti, mtu ndiye mti. Mwaka 2014, siku 2 zikifuatana za Julai, radi iliua watu 2 katika bustani ile. Tena petroli ijazwe Estes Park, kwa kuwa ndani ya bustani haiuzwi. Na kiangazi, kwa miaka kadhaa tangu 2020, imetakiwa kuandikisha saa ya kuingia. Aliyesahau hurudishwa mlangoni.

Motokari tupu ilikwea vizuri. Walifika hata Milner Pass, mita 3,279, mahali ambapo maji ya mvua hugawanyika: mengine huenda Ghuba ya Meksiko, mengine bahari ya Pasifiki. Mama mkwe hakushangaa. Alisema hata kwetu matone ya jirani moja huenda Nile na mengine huenda Kongo. Watoto wa Aurora hawakujua hayo, wakamtazama nyanya yao kwa macho mapya.

Theluji waliikuta karibu na kilele, fungu kubwa chafu kando ya barabara, lililosalia tangu baridi. Walipata mahali pa kuegesha. Mama mkwe alivua kiatu kimoja kwanza, sijui kwa nini, kisha akakivaa tena. Akainama, akachota kwa mikono miwili, akakaa nayo mpaka ikawa maji na kumdondokea kwenye kitenge. Alisema tangu utoto alisikia habari za theluji ya Ruwenzori kama mtu asikiavyo habari za ufalme, asimwone mfalme. Akaomba chupa. Saa tano walikuwa wamekwisha geuka, na saa saba mvua ya mawe ilipiga paa la trela kule kambini, wote wakiwa ndani.

Chupa ile ya maji ya theluji imefika Bukavu; ipo juu ya kabati la mwanawe mwingine, nami nimeionyeshwa. Mdogo wangu ameniandikia tena. Ataka safari ijayo kuzunguka duara zima pamoja na trela, kwa Berthoud Pass, maana sasa, asema, amekuwa mzoefu. Nimemjibu anitumie kwanza karatasi ya mizani, na kwamba aniandikie shemeji.