Tuache Kuwauzia Wamama Mashine za Nyama za Plastiki

Wasee, leo sina mzaha. Na nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe, ndio msiseme nawarushia wengine mawe.

Mwaka jana nilipewa mashine ya kukata nyama slesi, ile ndogo ya mkono, unazungusha kama unasaga. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza video ya sekunde 40 na kuweka linki. Kila mtu akinunua, napata kamisheni. Nikafanya. Nilikata soseji. Ndiyo, soseji, tena imetoka kwa friza. Slesi zikatoka safi kabisa, nikaweka muziki, nikasema, "Wasee, hii ni ya maisha." Sikuwa nimekata nyama hata kipande kimoja.

Shangazi yangu hapa Burnt Forest akaona hiyo video. Hakuuliza mtu mwingine, kwa sababu aliyesema ni kijana wa nyumbani. Alipopata zamu yake ya chama akatoa elfu nne mia tano, akaagiza. Jumamosi akanunua kilo moja ya kondoo kwa bucha, nyama bado ina joto. Mara ya tatu kuzungusha, ndani kukalia tak. Meno ya gia yamekatika. Gia yenyewe ni plastiki.

Aliniita, na hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kijana wangu, hii yako ilikuwa inakata nini?"

Manze, nilikosa pa kuangalia. Muuzaji aliacha kujibu meseji, nikamrudishia shangazi pesa yake kutoka mfukoni mwangu, kidogo kidogo. Tangu siku hiyo nimesoma kuhusu hizi mashine kuliko nilivyosomea KCSE. Na nimegundua kitu: karibu kila kitu tunachosema kwenye hizi video za kufungua maboksi ni uongo au nusu ya ukweli.

Uongo wa kwanza: "Inakata nyama yoyote." Hapana. Zile mashine za mkono ambazo unabonyeza mpini chini, kama ya kukata karatasi shuleni, zinafaa kazi moja. Huko China, Japani na Korea watu hula nyama nyembamba kama karatasi, wanaitumbukiza kwenye supu inayochemka hapo hapo mezani. Hiyo nyama haina mfupa na imegandishwa hadi ikawa ngumu. Sasa angalia yetu. Unaenda bucha unaitisha nusu kilo, unapimiwa steki kidogo na mfupa juu, imechinjwa jana au leo asubuhi. Nyama laini namna hiyo haikatiki slesi kwa mashine ndogo. Inavutika, inararuka, inajikunja kwa kisu. Na mfupa ukiingia, kwisha. Mfupa ni kazi ya msumeno wa bucha.

Uongo wa pili: "Ni stenlesi, haiwezi haribika." Stenlesi ipi? Mara nyingi kinachong'aa ni kifuniko tu. Kitu cha kwanza kuharibika ni kile ambacho video haionyeshi: gia, mkanda, na ile reli ambayo sahani ya nyama inapita juu yake. Halafu kuna wale wanaweka sumaku kwa kisu, ikishika wanapiga kelele, "Feki!" Hawajui wanachosema. Stenlesi ya sufuria na sinki, ile ya 304, kwa kawaida haishiki sumaku. Lakini chuma cha kisu kinapaswa kuwa kigumu ili kishike makali, na stenlesi ngumu za visu, kama 420 na 440, hushika sumaku. Kwa hiyo kisu kikishika sumaku, hiyo peke yake haimaanishi umeuziwa takataka.

Uongo wa tatu: "Ni ya stima, kwa hivyo ina nguvu." Soma ile lebo ya chini. Mashine nyingi za nyumbani zina mota ya wati 100 na kitu, na zingine zimeandikwa KB 5 min au KB 10 min. Maana yake ifanye kazi dakika hizo, halafu uizime ipoe. Ukikata nyama ya harambee nzima bila kupumzisha, unachoma mota, na usilaumu Kenya Power. Na kama umeletewa na mtu kutoka Marekani, angalia volti. Kule ni 120, huku ni 240. Ukichomeka moja kwa moja, utanusa moshi kabla hujaona slesi.

Najua kuna mtu ameshaanza kuandika hapo chini: "Wewe unapinga maendeleo." Sipingi. Mashine ya slesi ilibuniwa na mchinjaji, Wilhelm van Berkel wa Rotterdam, Uholanzi, mwaka 1898. Zile za kwanza zilikuwa za chuma kizito, zina gurudumu kubwa la kuzungusha kwa mkono, na kuna zingine za zaidi ya miaka 100 ambazo bado zinakata. Kwa nini? Kwa sababu unaweza kuzifungua. Kisu kinatoka, kinanolewa, kinarudi. Gia ni ya chuma, ikichakaa fundi anachonga nyingine.

Hapo ndipo hoja yangu iko, na sitaibadilisha: kitu ambacho hakiwezi kutengenezwa karibu na kwako hakidumu, hata kiking'aa namna gani. Sisi tuko kwa barabara kuu ya kwenda Eldoret. Hapa kuna mafundi wa kuchomelea, wa baiskeli, wa pampu, wa kila kitu. Lakini fundi hawezi kurekebisha kitu kilichofungwa kwa gundi, hakina skrubu, na kisu chake cha badala hakiuzwi mahali popote. Hiyo si mashine. Ni takataka imechelewa kufika jalalani.

Kwa hivyo kabla ya kununua, uliza maswali haya. Kisu kinatoka, na naweza kupata kingine? Gia ni chuma ama plastiki? Sahani inayobeba nyama ni alumini ama plastiki inayopinda ukiisukuma? Ina kinga ya vidole na kishikio cha kusukumia nyama? Ni nzito kiasi cha kukaa pale meza ilipo, ama inaruka ruka? Ina stika ya KEBS ya bidhaa zilizoagizwa kutoka nje? Muuzaji ana duka naweza kuingia nikiwa na hasira? Swali la mwisho ndilo kubwa. Akijibu "tunaleta tu", achana naye.

Na vidole, wasee. Mnajua Marekani sheria ya kazi hairuhusu mtu chini ya miaka 18 kutumia mashine ya slesi ya umeme kazini, hata kuiosha tu? Kuiosha! Kwa sababu kisu cha duara kinakata hata kikiwa kimesimama. Halafu sisi huku tunaweka video ya mtoto wa darasa la saba akisukuma nyama kwa kidole gumba, tunaandika "chef mdogo" na moyo mwekundu.

Nani anahitaji hii mashine basi? Wewe unauza sandwichi karibu na chuo. Wewe unakausha nyama ya kuuza, unataka kila kipande kiwe unene mmoja. Hapo nunua ya umeme, nzito, hata ya mtumba bora iwe inafunguka. Kwako ni kifaa cha kazi na kitarudisha pesa.

Lakini mama anayepika nusu kilo mara mbili kwa wiki? Huyo anahitaji kisu kizuri cha bucha, chenye mpini usioteleza, na jiwe la kunolea. Basi. Angalia jamaa wa bucha yako ana kisu gani. Yeye hukata siku nzima, na hana mkataba na mtu yeyote wa video. Ukitaka slesi nyembamba, weka nyama kwa friza kama dakika 40 ishikane kidogo, halafu kata ukipinga nyuzi zake. Huna friji? Noa kisu, kata polepole. Kikiisha makali kuna jamaa wa baiskeli ya kunolea anapita mtaani. Hicho kisu mtoto wako atakirithi.

Sasa nyinyi wenzangu wa linki na kamisheni. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kupewa habari anazohitaji. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kusema uongo kuhusu bidhaa. Lakini hata kama hakuna askari atakayetushika, watu wanatuamini kwa sababu wanatujua kwa jina la mama zetu. Hiyo imani hatukuinunua, na tunaiuza shilingi mia tatu kwa kila boksi.

Mimi nimeweka sheria yangu. Kama sijakata nyama yetu na hiyo mashine, ya hapa bucha, kwa mwezi mmoja, sikuonyeshi. Na ile video yangu ya soseji sijaifuta. Nimeandika juu yake: "Nilidanganya. Msinunue."

Shangazi naye sasa ana kisu. Jumapili alinikatia nyama nyembamba kuliko ile ya video, akanisukumia sahani, akasema, "Hii sasa chukua video." Nikachukua. Haina linki.