Dawa zatolewa bila kusubiri, hesabu ya CD4 ingali muhimu

MKAZI wa Matete, Kaunti ya Kakamega, anayepatikana na virusi vya Ukimwi hahitaji tena kuhesabiwa chembe za CD4 ndipo aanzishiwe dawa. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo huo 2015, na Kenya ikaufuata 2016. Awali, mgonjwa alingoja kinga ishuke: chini ya chembe 350 kwa kila milimita moja ya ujazo ya damu kulingana na mwongozo wa 2010, kisha 500 kuanzia 2013.

Hatua hiyo ilifaa. Hata hivyo, ilizua dhana potovu kwamba hesabu yenyewe imepitwa na wakati.

CD4 ndizo huamrisha mapambano ya mwili dhidi ya maradhi. Zikipungua chini ya 200, kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo itokanayo na kuvu hupata mwanya. Mgonjwa wa hali hiyo huweza kuonekana buheri wa afya, ilhali dawa za kupunguza makali pekee hazimtoshi. Asipohesabiwa, mhudumu hubahatisha.

Mashine ndogo kama Pima ziliwapunguzia wengi safari ya hospitali kuu. Tone la damu ya kidoleni hutiwa katika kibweta cha plastiki, chembe zikapakwa kingamwili zinazong'aa, na kamera ikazihesabu kwa dakika 20 hivi.

Lakini idadi si utendaji. Mnamo 2011, James Heath na wenzake nchini Marekani walieleza chipu yenye vyumba zaidi ya 1,000, kila kimoja kikiweza kunasa chembe moja ya kinga na kupima protini zaidi ya 10 inazotoa. Chembe za mgonjwa wa saratani ya ngozi zilizofanana kwa sura zilitofautiana pakubwa kikazi. Yamkini, basi, watu wawili wenye CD4 300 hawana kinga sawa.

Chipu hiyo ni ya watafiti. Kuidai Matete leo ni ndoto. Kinachodaika ni kipimo sahili kilichoidhinishwa na WHO 2020, kisichohitaji mashine wala umeme, kinachoonyesha tu iwapo CD4 zimepita 200 au la. Na tangu Marekani isitishe misaada Januari 2025, bajeti ya kaunti haiwezi kukadiriwa kana kwamba mfadhili ndiye atakayekinunua.