Kaktusi ikae nje: baridi ya mwezi wa saba si adui yake

LIKASI. – Mwezi wa tano unapoisha na upepo wa kiangazi unapoanza kuvuma, katika parseli za Kikula, Panda na Shituru kuna watu wanaobeba vyungu vya maua na kuviingiza ndani ya nyumba. Wanaogopa baridi. Katika vyungu hivyo kuna kaktusi, ule mmea wa miiba ambao watu wa pwani wanauita dungusi. Inakaa gizani miezi mitatu karibu na mbabula ya makala. Inaporudishwa nje imekwisha kurefuka na kupauka, shingo yake nyembamba. Mvua kubwa zinaimalizia. Mwenyewe anaitupa na kusema: kaktusi haiwezi kukaa Likasi.

Anakosea. Kaktusi inaweza kukaa nje Likasi mwaka mzima, bila kuingizwa ndani hata usiku mmoja, kama imechaguliwa vizuri na kupandwa vizuri. Kinachoiua si baridi ya mwezi wa saba. Ni maji ya mwezi wa kwanza.

Mji huu uko kwenye mita kama 1,300 juu ya bahari. Usiku wa Juni na Julai hewa inashuka mara nyingi chini ya digrii 10, na katika dembo za nyanda za juu asubuhi nyingine majani yanaonekana meupe kwa barafu nyembamba. Kwa mtoto anayelala chini ya bashi, hiyo ni baridi kali. Kwa kaktusi ya majani bapa, ile ambayo wataalamu wanaiita Opuntia, ni jambo dogo. Aina yake kubwa yenye matunda matamu inavumilia hata digrii chache chini ya sifuri. Kule Kanada, katika mkoa wa Ontario, kuna aina ndogo ya Opuntia inayolala chini ya theluji kila mwaka na haifi.

Namna gani inaweza? Kabla ya baridi inapunguza maji mwilini mwake. Inajikunja na kulala chini kama kitu kilichokufa, na joto linaporudi inasimama tena. Maji yakigeuka barafu ndani ya mmea ndiyo yanaupasua. Mmea wenye maji machache una hatari ndogo. Kwa hiyo kaktusi iliyosinyaa kidogo mwezi wa saba si mgonjwa. Asiyejua anaihurumia na kuimwagilia maji, na hapo ndipo anapoiharibu.

Likasi ina bahati ambayo nchi nyingi za Ulaya hazina. Huko baridi inakuja pamoja na unyevu. Hapa inakuja wakati wa ukavu, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, na kaktusi inapenda hivyo. Shida inaanza masika, kwa sababu zaidi ya milimita 1,000 za mvua zinanyesha kwa miezi michache tu. Mizizi ikikaa ndani ya matope, inaoza.

Dawa yake haihitaji pesa. Panda juu ya tuta lenye kimo cha goti. Chini weka vipande vya matofali yaliyovunjika na mawe madogo, juu changanya udongo na mchanga mwingi. Usitumie udongo wa kichuguu, ule wa kufyatulia matofali, kwa maana unashika maji. Panda upande wa ukuta unaotazama kaskazini, kwa sababu hapa jua la mwezi wa sita na wa saba linapita upande huo, na ukuta uliopata joto mchana unaupa mmea joto usiku. Jani la kupanda likatwe, likae kivulini wiki moja au mbili mpaka kidonda kikauke, ndipo lisimamishwe ardhini. Wakati mzuri ni mwezi wa nane na wa tisa, mizizi ipate kushika kabla ya mvua kubwa.

Si kila kaktusi itaweza. Zile za msituni zinazoning'inia, na zile za duara zilizotoka visiwa vya joto vya Karibi, zitaumia. Wala si kila mmea wa miiba ni kaktusi. Ule mti mnene unaoota juu ya vichuguu vya Katanga ni jamaa nyingine, yufobia. Ukikatwa unatoa maziwa meupe yanayochoma ngozi na yanayoweza kuharibu macho. Wazazi wawaonye watoto: penye maziwa meupe, usiguse, usile.

Sasa, jambo hili linawahusu nini watu waliohama makwao? Linawahusu kuliko wengine.

Likasi inajua maana ya kuhama. Mwaka 1992 na 1993 maelfu ya familia za asili ya Kasai zililala kwenye stasio ya mji huu zikingoja treni. Baada ya mwaka 2011 mapigano ya Mai-Mai katika pembe ya Manono, Mitwaba na Pweto yalifukuza watu wengi vijijini mwao. Familia inayofika mjini mikono mitupu inapata chumba, au kona ya parseli ya mtu. Mara nyingi inaambiwa: lala, pika, teka maji, lakini usipande kitu. Mwenye parseli anaogopa, kwa sababu katika desturi aliyepanda mti ameweka alama ya kudai ardhi. Mgeni naye anaona hakuna faida kupanda kitu ambacho kesho atakiacha.

Kaktusi inajibu hofu zote mbili. Siku ya kuondoka, mama anakata majani mawili, anayafunga ndani ya gazeti na kuyatia kwenye mfuko pamoja na nguo. Yanaweza kukaa wiki nyingi bila maji na bila udongo, na atakapofika atayapanda tena. Shina linalobaki likingolewa, ardhi ya mwenyewe inabaki wazi.

Ukweli usemwe: kaktusi haitajaza sahani. Haichukui nafasi ya bukari wala sombe, na mwaka wa kwanza haitoi karibu kitu. Lakini robine zinapokauka na lengalenga inakufa kwenye bustani, yenyewe bado iko. Baadaye majani yake machanga, yakitolewa miiba, yanapikwa kama mboga yenye utelezi wa dongodongo. Watu wa Mexiko wanayala kila siku. Kule Tigray, Etiopia, tunda lake, beles, linasaidia familia nyingi wakati chakula shambani bado. Mbuzi nao wanakula majani yaliyochomwa miiba, wakichanganyiwa na nyasi kavu.

Onyo ni mawili. Kwanza, katika Laikipia, Kenya, aina moja ya Opuntia iliachwa ienee, ikafunika malisho ya wafugaji, na miiba yake inaumiza vinywa na matumbo ya mbuzi. Jani likitupwa njiani linaota. Kwa hiyo linalokatwa lichomwe au lipewe mifugo, lisitupwe kamwe porini wala mtoni. Pili, ya kula isipandwe kwenye udongo au mawe yaliyotoka karibu na viwanda na machimbo. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walionyesha kwamba watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo wao. Watu wasiiongeze kupitia chungu cha mboga.

Wenye parseli wa Likasi wanaombwa jambo dogo. Waruhusu tuta moja kando ya ukuta, mapatano yasemwe mbele ya jirani au shefu wa kartie: mmea ni wa mgeni, ardhi ni ya mwenyewe. Hilo halimwondolei mtu parseli yake. Na mwenye kaktusi kubwa asitupe majani anayoyakata. Amgawie aliyefika mikono mitupu. Jani moja mwezi wa nane linatosha kuanza.