Orpen, mchoraji aliyewafuta wakubwa

William Orpen alizaliwa Stillorgan, karibu na Dublin, mwaka 1878, akaingia chuo cha sanaa cha Dublin angali mtoto. Kutoka huko alikwenda chuo cha sanaa cha Slade, London, na kufikia mwaka 1914 matajiri na wanasiasa wa Uingereza walikuwa wakigombea nafasi ya kuchorwa naye. Wakosoaji wengi wamemhukumu kwa kazi hizo, wakamwona fundi wa kuwapamba wenye pesa. Hawakumtendea haki. Picha yake ya Winston Churchill ya mwaka 1916, aliyoichora baada ya maafa ya kijeshi ya Dardanelles kumwangusha mwanasiasa huyo, haimpambi hata kidogo: uso ni mzito, wa mtu aliyeshindwa na anayejua kwamba ameshindwa.

Mwaka 1917 alipelekwa Ufaransa akiwa msanii rasmi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa cheo cha meja. Jemadari Haig, kamanda wa jeshi la Uingereza huko, kwa masimulizi ya Orpen mwenyewe, alimwambia asipoteze muda kumchora yeye, akawachore askari. Kiangazi hicho matope ya uwanja wa vita wa Somme yalikuwa yamekauka. Udongo wa chokaa uliofukuliwa na mizinga uling'aa mweupe chini ya mbingu ya samawati, na maua yalikuwa yamechanua kati ya makaburi. Orpen aliuchora mwanga huo bila kuupunguza, kisha akaweka maiti ndani yake. Katika *Dead Germans in a Trench* ya mwaka 1918, miili imelala ndani ya handaki, ngozi imeingia ukijani, na juu yake anga ni safi kabisa. Ukatili wa picha hiyo umo katika uzuri wa hali ya hewa, na ni wachoraji wachache wa vita vile walioliona hilo.

Mwaka 1919 serikali ilimwagiza picha tatu za mkutano wa amani. Inayojulikana zaidi ni ya Ukumbi wa Vioo, Versailles. Wakubwa wa dunia wamesukumwa sehemu ya chini ya turubai. Juu yao zimesimama nguzo zilizonakshiwa na vioo vinavyokatakata taswira zao. Johannes Bell wa Ujerumani ametupa mgongo, anatia saini mkataba ambao, pamoja na mengine, uliipokonya nchi yake koloni la Afrika Mashariki. Wapagazi waliokufa kwa maelfu katika vita vya koloni hilo hawamo ukumbini.

Picha ya tatu ndiyo sababu ya makala hii kuandikwa. Ilitakiwa iwaonyeshe wanasiasa na majenerali pamoja. Alianza kuwachora, kisha akawafuta wote, akaweka jeneza lililofunikwa bendera, likilindwa na askari wawili waliovaa matambara, na makerubi juu yao. Royal Academy ilipoionyesha mwaka 1923, watu waliipenda sana. Makumbusho ya Imperial War Museum yaliikataa. Mwaka 1928, Haig alipofariki, Orpen aliwafuta askari na makerubi, akaitoa picha kwa kumbukumbu ya jemadari huyo, nayo ikapokelewa. Waliotolewa safari hii walikuwa wale wale ambao Haig alimtaka awachore, na hasara hiyo ni kubwa kuliko heshima ya kupokelewa.

Orpen alifariki London mwaka 1931, akiwa na miaka 52. Picha zake nyingi za vita, alizozitoa kwa taifa bila malipo, zimo katika Imperial War Museum.