Taa za chini ya meza za harusi: Hesabu ianzie kwenye betri

Biashara ya kukodisha taa ndogo za rangi zinazowekwa chini ya meza za wageni kwenye kumbi za harusi inawavutia wafanyabiashara wenye mitaji midogo. Hata hivyo, anayekwenda Kariakoo kununua taa hizo kabla ya kupiga hesabu ya betri anajiandaa kuwafanyia kazi wauza betri.

Mvuto wa bidhaa hiyo unaeleweka. Taa moja hutosha kiganjani, haihitaji fundi umeme, wala haina waya wa kukatiza kwenye miguu ya wageni. Ikiwekwa sakafuni chini ya meza iliyofunikwa kitambaa chepesi cheupe, meza nzima huonekana kama inawaka kutoka ndani. Umeme ukikatika, meza zinaendelea kung'aa wakati jenereta ya ukumbi ikitafutiwa mtu wa kuiwasha. Kwa kamati ya harusi inayotaka ukumbi uonekane wa gharama kubwa kuliko michango iliyokusanywa, hoja hizo zina nguvu.

Lakini taa yenyewe si siri ya mtu. Taa nyekundu za LED zilijulikana tangu mwaka 1962. Kilichokosekana kwa miaka mingi ni rangi ya buluu yenye mwanga mkali, iliyopatikana Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wataalamu watatu walioifanyia kazi wakatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Baada ya hapo nyekundu, kijani na buluu ziliweza kuwekwa ndani ya kipande kimoja cha milimita tano kwa tano, na viwanda vya China vikazitengeneza kwa wingi hata bei ikaporomoka. Leo mtu yeyote anayeagiza mzigo kutoka Guangzhou au Yiwu anaweza kuwa nazo. Bidhaa ambayo kila mtu anaweza kuipata haimpi mkodishaji faida kwa sababu tu anayo. Faida itatokana na namna anavyoiendesha.

HESABU YA USIKU MMOJA

Taa nyingi za aina hii hutumia betri tatu nyembamba za AAA, zile zile za rimoti ya televisheni. Harusi ya wageni 400, wakikaa kumi kumi, ina meza 40. Kwa taa moja kila meza, hizo ni betri 120 kwa usiku mmoja. Mkodishaji makini hawezi kurudia betri za kutupa zilizokwisha kutumika jana, kwani hajui zimebakiwa na saa ngapi.

Uchukuliwe mfano wa hesabu, ambao kila mfanyabiashara ataubadilisha kwa bei za sokoni kwake. Tuseme taa moja imenunuliwa kwa Sh 8,000 na meza moja inakodishwa kwa Sh 5,000. Taa 40 zitakuwa zimegharimu Sh 320,000, na harusi moja itaingiza Sh 200,000. Kwa haraka haraka, mtaji unaonekana kurudi katika harusi mbili, na hapo ndipo wengi wanaponaswa.

Betri 120 kwa Sh 600 kila moja ni Sh 72,000. Usafiri wa kupeleka na kurudisha mzigo uwe Sh 40,000. Vijana wawili wa kupanga na kukusanya, Sh 30,000. Taa tatu zilizokanyagwa au kuondoka na wageni, Sh 24,000. Kinachobaki ni Sh 34,000. Mtaji hautarudi katika harusi mbili bali katika harusi kumi.

Sasa mkodishaji huyo huyo anunue betri za kuchaji 120 kwa Sh 2,500 kila moja, na chaja nne kwa Sh 25,000 kila moja. Mtaji wake unapanda kutoka Sh 320,000 hadi Sh 720,000, jambo linalowatisha wengi. Lakini kila usiku anabaki na Sh 106,000, ukiacha gharama ndogo ya umeme, na mtaji wote unarudi katika harusi ya saba. Baada ya harusi ishirini, wa betri za kutupa atakuwa na Sh 360,000 juu ya mtaji wake, na wa betri za kuchaji atakuwa na Sh 1,400,000. Taa ni zile zile, wateja ni wale wale.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii, daftari ni la betri.

MEZA ZINAPOGEUKA NYEKUNDU

Wapo watakaosema kuwa betri za kuchaji zina nguvu kidogo. Ni kweli kwamba moja hutoa volti 1.2 wakati ya alkali ikiwa mpya hutoa 1.5, hivyo mwanga wa mwanzo unaweza kupungua kiasi. Lakini betri ya kuchaji ikiwa nzima hushikilia nguvu yake karibu usawa mpaka inapokaribia kwisha, wakati ya alkali huanza kushuka mapema na kuendelea kushuka.

Kushuka huko kuna aibu yake. Rangi nyekundu huhitaji volti mbili hivi, ilhali kijani na buluu huhitaji karibu tatu. Betri zikilegea, kijani na buluu hufifia kwanza. Kamati iliyolipia meza nyeupe huona baadhi ya meza zikiwa za waridi, na mwishoni nyekundu, pengine wakati keki inakatwa. Mteja huyo halipi salio bila ugomvi, wala harudi.

Kinga yake ni nyepesi. Rangi nyeupe katika taa hizi hupatikana kwa kuwasha rangi zote tatu kwa pamoja, hivyo hula betri kuliko rangi moja. Mkodishaji anayeishauri kamati kuchagua rangi moja inayolandana na sare anaokoa betri zake. Aidha, kadi ikisema saa 12 jioni, sherehe huenda ikaanza saa 2 usiku na kumalizika saa 6. Taa ziwashwe wageni wanapoingia, si pale mpambaji anapomaliza kazi saa 10 alasiri. Tena rimoti nyingi hutumia mwanga usioonekana kwa macho, ambao kitambaa kizito huuzuia. Kijana aliyepewa kazi ya kuwasha inambidi ainame meza kwa meza, na muda huo upangwe mapema.

Anayenunua ana haki ya kujaribu. Taa moja iwashwe dukani chini ya kitambaa cha aina ile ile ya ukumbini, kisha iachwe saa nne na betri za kuchaji. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo ametoa jibu lake.

UKOMO WA BIASHARA

Betri za kuchaji nazo zina masharti. Chaja nne za nafasi nane hubeba betri 32 kwa mara moja. Betri 120 ni awamu nne, na kila awamu ikichukua saa nne, hiyo ni kazi ya saa 16. Taa zinazorudi nyumbani saa 8 usiku wa kuamkia Jumamosi haziwezi kuwa tayari kwa ukumbi wa Jumamosi jioni bila chaja za ziada au seti ya pili ya betri. Mwenye seti moja asipokee malipo ya awali ya sendofu ya Ijumaa na harusi ya Jumamosi kwa pamoja.

Upo pia msimu. Waislamu kwa kawaida hawafanyi harusi mwezi wa Ramadhani, na makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima. Mwaka 2025 mifungo hiyo miwili ilianza ndani ya wiki moja, Ramadhani mwanzoni mwa Machi na Jumatano ya Majivu Machi 5. Aliyenunua taa kwa mkopo wa marejesho ya kila wiki alikabiliwa na marejesho bila harusi. Mkopo wa aina hiyo haufai kwa mali inayolala. Na inapolala, betri zitolewe ndani ya taa, kwani zikivuja hula vyuma vya ndani.

Jambo la mwisho linahusu watoto. Taa hizi hukaa sakafuni, mahali watoto wanapochezea, na rimoti zake nyingi hutumia betri bapa kama sarafu. Betri hiyo ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022 inayotaka vifuniko vya betri hizo visifunguke kirahisi. Mwagizaji wa hapa anaweza kudai vifuniko vya skrubu kutoka viwandani. Rimoti zikae mfukoni mwa kijana wa kazi, si mezani.

Kwa hiyo, biashara ipo, lakini si ya kila mtu. Inamfaa zaidi mpambaji mwenye kumbi na vitambaa vyake, ambaye usafiri na vijana amekwisha kuwalipia katika kazi nyingine. Kwake, ile Sh 70,000 ya mfano hugeuka faida. Asiye mpambaji na atafute mpambaji wa kumkodishia kwa mkataba kabla hajanunua hata taa moja. Akikosa, mtaji wake autafutie kazi nyingine, kwani taa zinazosubiri mteja stoo zimekwisha kula fedha za mwenyewe.