Mtoto haachi simu kwa kununuliwa boksi la mafumbo

Mzazi mwenzangu wa Kibamba, unayeamka saa kumi alfajiri kuwahi daladala ya Kariakoo na kurudi giza limeshaingia, sina nia ya kukusema kwa kuwa mwanao anashinda na simu. Inaeleweka inavyokuwa. Dada wa kazi anafua, maji ya ugali yako jikoni, mtoto analia; simu inatolewa na kilio kinakatika. Hakuna kinachonyamazisha mtoto haraka kama katuni, ndiyo maana kuiacha ni kazi.

Wapo walioamua kupunguza, na wengi wanakimbilia mafumbo ya picha, yaani zile picha zilizokatwa vipande ambavyo mtoto huvipanga hadi zikamilike. Wazo ni zuri. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Aprili 2019 unasema mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Muda anaokaa ametulia, shirika hilo linashauri asomewe, asimuliwe hadithi, aimbiwe au apange mafumbo akiwa na mlezi wake. Hayo maneno ya mwisho, kuwa na mlezi, ndiyo tunayaruka.

Kinachotokea mara nyingi ni hiki. Mzazi anakuta boksi la vipande 100 limepunguzwa bei, analichukua, maana mwanawe wa miaka minne ni mjanja. Mtoto anamwaga vipande vyote sakafuni, anajaribu vitatu, havikai, anavirusha. Kufika Jumatano nusu ya vipande viko chini ya kochi, mtoto karudi kwenye simu, na mama anasema mwanangu hana utulivu kabisa. Huenda utulivu anao. Amepewa kazi isiyo saizi yake.

Chagua fumbo ambalo mtoto atalimaliza kwa mkao mmoja, likiwa gumu kidogo tu. Wa miaka miwili anatosheka na vipande vitatu au vinne vikubwa vya mbao, hasa vyenye kishikio. Wa miaka mitatu anaweza kuanzia sita na kupanda hadi 12. Wa minne, 12 hadi 24, na kuanzia mitano mwongezee kadiri anavyomaliza. Namba hizi si sheria, mtazame mwanao. Akimaliza bila kufikiri, panda ngazi; akilia kila mara, shuka, wala si aibu. Picha iwe ya kitu anachokijua: ng'ombe, basi, samaki, kuku. Kwa wa chini ya miaka mitatu, kipande chochote kinachoweza kupita ndani ya kile kiini cha karatasi ya chooni kisiwe mkononi mwake, kwa sababu kinaweza kumkaba.

Kwenye maboksi huandikwa kwamba fumbo linaongeza akili na umakini. Punguza imani kidogo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliochapishwa 2012 uliwafuatilia watoto 53 majumbani kwao tangu wakiwa na miaka miwili hivi. Walioonekana wakicheza mafumbo na wazazi walifanya vizuri zaidi, walipofika miaka minne na nusu, katika zoezi la kugeuza na kuunganisha maumbo kichwani. Ni jambo la maana, litamsaidia hata kwenye hesabu, lakini si sawa na kusema fumbo linatibu kukosa utulivu. Faida yake kwa umakini ni ya kawaida tu: katuni inaendelea hata mtoto akizubaa, fumbo linamsubiri mpaka afanye kitu.

Na si lazima ununue. Chukua boksi la sabuni au la biskuti, bandika picha ya kalenda ya mwaka jana kwa uji mzito wa ngano, acha ikauke, kata vipande sita. Ukichoka nalo, kata tena viwe 12. Kwa wa miaka saba kwenda juu, drafti la vizibo vya soda linafanya kazi hiyo hiyo. Bao nalo lipo: lile la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lakini mtoto anaweza kuanza na safu mbili fupi zilizochimbwa uani. Babu akiwepo, mpe kazi hiyo. Na jioni umeme ukikatika, vitendawili havihitaji hata taa.

Usimnyang'anye simu ukampa fumbo palepale, atalichukia. Liweke mkekani muda ambao kwa kawaida huomba simu, tuseme baada ya kuoga, nawe ukae naye dakika kumi. Usimpangie. Mwulize tu, huu mguu ni wa nani? Mwonyeshe na dada namna ya kufanya, kwa kuwa mchana yeye ndiye mlezi. Wewe mwenyewe simu iweke mbali dakika hizo kumi, hata kama kikundi cha kikoba kinapiga kelele.

Jambo moja lisifunikwe na fumbo lolote. Mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina, wa miaka miwili asiyeunganisha hata maneno mawili, au anayeinamia picha karibu sana kana kwamba haioni, apelekwe akapimwe. Inaweza kuwa masikio, macho au ukuaji wake. Huhitaji kuanzia Mloganzila. Anza zahanati au kituo cha afya cha karibu, beba kadi yake ya kliniki, na useme pia anakaa na simu saa ngapi kwa siku, bila kupunguza.