Mpe Sekretari Ruhusa, Usimpe Nywila

Kuna shirika moja hapa Kisumu, jina lake tuliache, ambalo liliwahi kuniita niwasaidie "kumtafuta mtu". Mkutano wa mkurugenzi na wafadhili, uliokuwa ufanyike kwa video, ulikuwa umefutwa kwenye kalenda siku mbili kabla. Wafadhili walipata taarifa ya kufutwa wakapanga shughuli nyingine. Siku ilipofika mkurugenzi aliketi mbele ya kompyuta, tai shingoni, akingoja watu ambao hawakutokea.

Mkurugenzi alisema hakufuta. Sekretari wake naye alisema hakufuta. Nikafungua kumbukumbu za mfumo, nikiamini kwamba kompyuta haina upendeleo. Zikanipa jibu moja tu: mkutano umefutwa na mkurugenzi. Hazingeweza kusema lingine, kwa sababu sekretari alikuwa akiingia kwa akaunti ya mkurugenzi, kwa nywila ya mkurugenzi, iliyoandikwa kwenye kikaratasi chini ya kibodi. Wote wawili walitumia mtandao uleule wa ofisi. Mbele ya seva, hawa walikuwa mtu mmoja.

Niliandika ripoti nikaeleza hivyo hivyo. Lakini aliyepewa barua ya onyo alikuwa sekretari, na baada ya miezi michache aliondoka. Nani hasa alifuta ule mkutano? Hakuna atakayejua, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Huenda ni yeye kweli. Huenda ni bosi mwenyewe, kidole kiliteleza kwenye simu akiwa garini. Mimi mwenye digrii ya kompyuta sikuweza kumtetea wala kumshtaki.

Kwa hiyo leo nataka tuzungumzie jambo ambalo ofisi nyingi hulidharau: jinsi ya kumkaimisha mtu mwingine simu zako na mikutano yako. Nitamwita mtu huyo kaimu, maana Kiswahili kilikuwa na neno hilo zamani kabla ya programu hizi kutufikia. Kaimu anashika nafasi yako kwa kazi fulani, na kila mtu anajua kwamba ni kaimu. Hajifanyi wewe.

Tazama tunavyofanya. Bosi ana shughuli nyingi, anamwita sekretari na kumwambia, "Nywila yangu ni hii, nishughulikie." Ukiuliza, jibu ni, "Namwamini." Sawa, mwamini. Lakini hebu tujiulize: je, sekretari naye ana sababu ya kuuamini mpango huo? Siku jambo likiharibika, atajitetea na nini? Nywila ya pamoja humlinda mkubwa na kumwacha mdogo uchi. Hayo ndiyo maoni yangu, na ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Muuzaji wa Kibuye analielewa jambo hili kuliko wakurugenzi wengi. Akienda msalani anamwachia msaidizi kibanda, bidhaa na hata chenji. PIN ya M-Pesa hamwachii. Si kwamba hamwamini. Anajua tu kwamba kuuza nyanya ni kazi moja na kufungua mkoba ni kazi nyingine.

Hata Katiba yetu ya 2010 inalo somo hapa. Kifungu cha 187 kinaruhusu serikali ya kitaifa na ya kaunti kuhamishiana majukumu. Lakini kinaweka masharti mawili. Kwanza, rasilimali za kufanyia kazi hiyo lazima nazo zihamishwe. Pili, wajibu wa kikatiba unabaki kwa yule ambaye Jedwali la Nne lilimkabidhi kazi hiyo tangu mwanzo. Mimi si wakili, lakini sijaona maelezo bora zaidi ya kukaimisha. Mpe mtu kazi iliyotajwa waziwazi, mpe na vifaa vyake, na wewe ubaki mwenye dhamana.

Nywila haifanyi hata moja kati ya hayo. Haitaji kazi yoyote, inatoa kila kitu pamoja na barua za siri za wafanyakazi, kisha inaficha nani alifanya nini. Isitoshe, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inafanya kutoa nywila bila idhini kuwa kosa. Kama kanuni za ofisi yako zinakataza kugawana nywila, bosi asidhani kwamba ukubwa wake ni idhini.

Halafu siku hizi kuna uthibitisho wa hatua mbili. Bosi yuko ndani ya feri kutoka Luanda Kotieno kwenda Mbita, mtandao unakuja na kupotea. Sekretari yuko Kisumu mjini, ameweka nywila, mfumo unadai nambari iliyotumwa kwa simu ya bosi. Anampigia, hapatikani. Nambari inafika, imeshapitwa na wakati. Nimeona ofisi zikizima uthibitisho huo "ili kazi iende". Yaani tunang'oa kufuli kwa sababu tulikataa kuchonga ufunguo wa pili.

Ufunguo wa pili upo, na mara nyingi umeshaulipia. Tuutazame.

Simu. Kwenye Microsoft Teams, ofisi yenye leseni ya simu inaweza kumruhusu mwenye laini kuteua makaimu, hadi 25. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya simu, kisha usimamizi wa makaimu. Utaona ruhusa zimegawanywa: kupiga simu kwa niaba yako, kupokea, kujiunga na simu inayoendelea, kuichukua simu uliyoisubirisha, na kubadilisha mipangilio yako ya simu na ya makaimu. Nne za kwanza ni kazi. Hiyo ya mwisho ni mamlaka, na usiitoe kwa mazoea.

Mikutano. Hapa ruhusa inatoka kwenye kalenda. Katika Outlook, bosi anamteua kaimu na kumpa ngazi ya mhariri kwenye kalenda, pamoja na ruhusa ya kutuma kwa niaba yake. Mwaliko ukitoka, mpokeaji anaona kwamba fulani ameutuma kwa niaba ya mkurugenzi. Na jambo muhimu kuliko yote kwangu: kumbukumbu za sanduku la barua la Exchange hutofautisha kilichofanywa na mwenye sanduku, kilichofanywa na kaimu, na kilichofanywa na msimamizi wa mfumo. Laiti lile shirika lingefanya hivi, ile kesi ingeisha kwa dakika kumi.

Na kama hatuna pesa? Kalenda ya Google inashirikishwa bure, kwa ngazi nne: kuona tu kama mtu ana nafasi, kuona maelezo, kubadilisha matukio, na kubadilisha pamoja na kuamua nani mwingine aone. Ngazi ya tatu inamtosha sekretari. Gmail nayo, hata ile ya bure, inakuruhusu kuteua hadi watu 10 wa kusoma na kujibu barua kwa niaba yako. Kila mmoja anaingia kwa akaunti yake, na hawezi kubadilisha nywila yako. Kwa hiyo ukata si kisingizio.

Na kama ni simu ya mkononi tu? Mitandao ya GSM ina misimbo ya kuelekeza simu kwingine, ya zamani kuliko programu zote hizi. Piga **62*, kisha nambari ya kaimu, kisha #, na simu zitamwendea yeye pale tu usipopatikana. Ya 61 ni kwa simu isiyopokelewa, ya 67 ni laini ikiwa na shughuli, na ya 21 inaelekeza zote. Kuondoa, piga ##62# au nambari husika. Kumbuka tu kwamba sehemu inayoelekezwa hulipiwa na wewe. Kwa mtu wa kupanda feri, 62 ni dawa.

Sasa tuje kwenye matatizo, maana hapo ndipo watu hukata tamaa na kurudia kikaratasi. Haya ndiyo ninayokutana nayo mara kwa mara.

*Simu hailii kwa kaimu.* Anza na leseni. Si bosi pekee, kaimu naye anahitaji leseni ya simu. Huu ndio ule ugatuzi wa kazi bila fedha: jina limeandikwa kwenye orodha, uwezo haukutumwa. Kisha mwombe msimamizi wa mfumo aangalie kama sera ya simu ya watumiaji hao inaruhusu kukaimisha. Halafu hakikisha bosi amechagua simu zake zilie pia kwa makaimu. Mwisho, angalia hali ya kaimu mwenyewe. Nimewahi kupoteza asubuhi nzima, kumbe mtu aliweka "usinisumbue" wiki iliyopita akasahau.

*Sekretari anaambiwa hana ruhusa ya kupanga mkutano kwa akaunti ya bosi.* Kwanza thibitisha kwamba ana ngazi ya mhariri na si msomaji tu, na kwamba ruhusa ya kutuma kwa niaba imewekwa. Pili, ruhusa ipewe yeye kwa jina lake, si kundi alimo. Tatu, na hili ni la kwetu hasa: mashirika mengi yana barua pepe kwenye seva ya kampuni inayohifadhi tovuti yao, na Teams wameinunua kivyake. Teams inataka sanduku la barua la Exchange kwa wote wawili. Kama barua ziko kwingine, utabonyeza mpaka jioni. Mwisho, ukishabadilisha sera subiri. Mabadiliko mengine huchukua saa kadhaa kuenea. Funga programu, fungua tena, nenda ukanywe chai.

*Mkutano umetoka kwa jina la sekretari.* Hapa hakuna kilichoharibika. Alianzia kwenye kalenda yake. Anatakiwa afungue kalenda ya bosi kwanza, kisha atengeneze mkutano humo.

*Wageni wanakwama kwenye chumba cha kusubiri.* Mkutano ni wa bosi na bosi amechelewa. Mweke sekretari awe mwandalizi mwenza ili aweze kuwaingiza watu na kuwaomba radhi. Fanya hivyo siku ya kupanga, si dakika tano kabla.

*Watu wamekuja saa isiyo sahihi.* Hili si kosa la programu kabisa. Bosi anasema kwa simu, "Weka saa nane." Anayeandika ana haraka, anaandika 8:00 badala ya 14:00. Mimi huwashauri makaimu wamrudishie bosi kwa maneno: "Saa nane mchana, baada ya chakula?" Halafu kuna majirani. Kisumu ndiyo makao makuu ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, na mikutano ya mambo ya ziwa huwaunganisha watu wa Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi. Ikiwa hapa ni saa nne asubuhi, Kigali na Bujumbura ni saa tatu. Kalenda italirekebisha hilo yenyewe endapo majira ya kompyuta yamewekwa sawa. Nimekuta mashine mpya iliyokaa miezi kadhaa na majira ya Marekani. Na ukiandika saa ndani ya maelezo ya mwaliko, taja ni saa za wapi.

Kuna mtu atasema kazi yote hii ni ya nini, nywila ni sekunde mbili. Kweli, kuweka makaimu vizuri kunaweza kula nusu siku. Lakini fikiria siku sekretari anapoondoka. Mwenye makaimu anafuta jina moja, basi. Mwenye kikaratasi anabadilisha nywila kila mahali, anaikosea kwenye simu, akaunti inafungwa, na bado hana uhakika nani mwingine aliiona.

Ombi langu kwa wakubwa wa ofisi ni dogo. Kesho asubuhi muulize sekretari wako kama anaijua nywila yako. Kama anaijua, usimkaripie, wewe ndiye uliyempa. Mwombe fundi wenu akae nanyi wote wawili, mtaje kazi moja moja mnayotaka aifanye, mweke ruhusa zake, kisha ubadilishe nywila na usimwambie mtu.

Na kwa makaimu wenzangu mnaosoma haya: ukipewa nywila ya mkubwa, usijione umepewa heshima. Omba ruhusa rasmi kwa jina lako. Sema unataka kazi yako ionekane kuwa ni yako. Hakuna bosi mwenye busara atakayelikataa ombi hilo, na siku mkutano ukifutika, kumbukumbu zitakuwa na majina mawili badala ya moja.